Nani Anakunywa Oili ya Giaboksi?

Mwaka jana nilirudi Mpanda kwa shughuli za ukoo. Mchana mmoja, nikitafuta kivuli karibu na stesheni, nikajikuta nimesimama mbele ya duka la vipuri. Kijana wa dukani alikuwa anamimina oili ya gia kutoka kwenye dumu kubwa kwenda kwenye chupa iliyokuwa ya maji. Kama hujawahi kuinusa oili ya gia, ina harufu nzito ya kiberiti, yai bovu na kitunguu saumu kwa pamoja. Wengine hukunja pua. Mimi nilisogea karibu, nikachovya kidole, nikaisugua kwa kidole gumba, kisha nikamuuliza yule kijana kwa sauti ya marehemu baba yangu kabisa: "Hii umeichanganya na nini?" Kijana akacheka. "Mama, mbona una wasiwasi hivyo?" Kumjibu kungechukua mchana mzima, na alikuwa na wateja. Jibu nakuletea wewe.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba alikuwa na pikapu ya dizeli, kuukuu hata kwa siku zile. Wakati huo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na ukitaja Katavi watu walielewa unazungumzia mbuga na nyati wake. Pikapu yetu ilikuwa ya bluu pale ambapo kutu haikuwahi kufika. Ilibeba dagaa na migebuka kutoka Ikola na Karema kule ziwani kuja sokoni mjini, na ikienda ilibeba unga, sabuni na chumvi. Ugali wetu, sare zetu za shule, bati za nyumba yetu, vyote vilitoka kwenye bodi ya gari hilo, na vyote vilinuka dagaa. Giaboksi ikifa, na sisi tumekwisha. Hilo hata sisi watoto tulilijua. Nyingine ingepatikana wapi? Mwanza? Dar es Salaam? Na ikifika kwa treni, baba angeamini vipi kwamba ndani yake kuna gia?

Maana baba alikuwa mtu wa kushuku. Simsemi vibaya, mwenyewe alijisifia. Alimshuku muuza mkaa kwamba anaweka mawe chini ya gunia. Alimshuku mganga wa zahanati kwamba dawa zote ni ileile, zinatofautiana rangi tu. Treni ikichelewa aliguna, lakini siku moja ilipowahi alisimama uani akiwa ameshika kiuno, akasema, "Hapo kuna jambo." Mafundi gari ndio kabisa. Aliamini kwamba fundi akiifungua giaboksi yako mara moja tu, anatoa gia nzima na kukuwekea zilizochoka za gari la mtu mwingine. Kwa hiyo hakuna fundi aliyeruhusiwa kulala chini ya gari letu bila baba kulala naye ubavuni.

Alilitunza mwenyewe, na alilitunza kwa masharti. Asubuhi injini inaachwa ingurume mpaka mama amalize kuosha vyombo, ndipo gari liondoke, kwa sababu oili iliyolala na baridi ni nzito na gia zinaumia. Mguu haukai juu ya klachi bila kazi. Mkono haupumzikii kwenye gia, hata safari iwe ndefu namna gani. Ukimaliza kubadili, unaurudisha kwenye usukani. Rivasi haiingizwi mpaka gari lisimame kabisa, lisimame hata vumbi lake lilipite. Na ukishuka gia, unakanyaga klachi, unaitoa gia hadi nyutro, unaachia, unagusa mafuta kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Kila mlima, kila siku. Gia ikilia hata kidogo, ile krrr ya meno kwa meno, baba alifumba macho na kuvuta hewa kama aliyekanyagwa kidole. Wenye magari mapya walimcheka sana sokoni, lakini yao yalivutwa kwa kamba na letu lilitembea.

Baba alikuwa na meza ya dagaa sokoni, na hakuweza kuwa sokoni na barabarani kwa wakati mmoja. Dereva wetu alikuwa mdogo wake mama. Sisi tulimwita marume, ndivyo mjomba anavyoitwa kwa Kirundi. Mama alizaliwa ng'ambo ya ziwa, na familia yao ilipokimbia alitembea kwa miguu yake midogo huku marume akiwa mchanga mgongoni mwa bibi. Wakakulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Baba alikuwa Mkonongo. Kwao shemeji ni mulamu, kwa kina mama ni muramu, na wawili hao waliitana hivyo kutwa nzima, kila mmoja akidai mwenzake ndiye anayelikosea neno. Marume alikula nasi, alilala chumba cha uani, alimfundisha mdogo wangu kupiga mluzi, na nyumba yetu ilikuwa na kelele nzuri kwa sababu yake.

Shule zikifungwa nilisafiri naye. Kiti changu kilikuwa cha katikati, gia ikiwa mbele ya magoti yangu, kwa hiyo nilijifunza kuikunja miguu kushoto kwa gia ya pili na kulia kwa ya tatu bila kuambiwa. Marume aliimba nyimbo za kanisani kwa Kirundi, na gia ziliingia katikati ya beti bila kelele, hata hukujua zimeingia saa ngapi. Kabungu tulisimama kununua karanga za kuchemsha, bado za moto, tukazimenya na kutupa maganda dirishani. Tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani aliacha kuimba. "Sikiliza," aliniambia. "Gari likitaka gia linaomba lenyewe. Usilikatize." Kisha upepo wa dagaa ukaingia ndani, ukajua umefika.

Basi kiangazi kimoja oili ya giaboksi ikaanza kupungua. Kila Jumapili tukitoka kanisani baba alivaa kaptula yake chakavu, akaingia chini ya gari na spana, akafungua bolti iliyo ubavuni mwa giaboksi na kuingiza kidole kidogo. Oili ikiwa sawa, kidole kinatoka kimelowa ncha. Jumapili ile kilitoka kikavu. Akajaza. Jumapili iliyofuata kikatoka kikavu tena. Akatandika gunia jeupe chini ya gari, likakaa usiku kucha, asubuhi likawa safi. Hapo ndipo baba alipoanza kutembea uani mikono nyuma. "Injini inakunywa oili, hilo linajulikana," alimwambia mama. "Giaboksi hainywi. Kama haidondoki na haiungui, basi kuna mtu."

Mtu gani? Baba hakusema, lakini kuanzia siku hiyo aliacha kusema mulamu. "Dereva," alimwita, "dereva, umefika saa ngapi?" Marume alidhani ni utani mpya, akamjibu "Ndiyo, bosi" na kucheka. Baba hakucheka. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye macho yake hayakuwahi kubaki kwenye nguo anayoshona, alikuja kumnong'oneza baba kwamba alimwona kijana alfajiri, yuko chini ya gari na kitambaa, anapangusa. Anapangusa nini, kama si alama za wizi? "Halafu wale ndugu zao wa makazini wana mashine za kusaga," jirani aliongeza, "na mashine zinataka oili." Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kwa kawaida alimshuku hata huyo jirani, lakini mwenye shaka yake hujihisi mwerevu akipata mwenzake wa kushuku naye.

Akaja na dawa. Mama alikuwa na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, alichokitumia Krismasi na Pasaka. Baba alikiomba, akaingia nacho chini ya gari, na baada ya kujaza oili na kukaza bolti alipaka mstari mwembamba kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma cha giaboksi. Bolti ikizungushwa hata kidogo, mstari utakatika. Mimi nilimshikia kifuniko cha kichupa. Alitoka chini ya gari amefurahi, na kwa wiki nzima alikuwa mpole kwa kila mtu, hata kwa muuza mkaa.

Jumapili akaenda kutazama. Mstari ulikuwa mzima, mwekundu, haujaguswa. Akafungua, akaingiza kidole. Kikavu.

Wewe na mimi tungesema, basi, hakuna aliyefungua, kijana hana kosa. Baba hakwenda njia hiyo. Alikaa kwenye gogo la kukatia kuni, akakuna kidevu chake muda mrefu, kisha akapata jibu lililomtosha: mwizi anafungua, anachukua oili, anafunga, halafu anapaka rangi upya. Na kama anapaka upya, basi rangi anayo. Na rangi ile, nyumba nzima, mtaa mzima, alikuwa nayo mtu mmoja.

Jioni hiyo tulikuwa tumekaa mkekani, ugali na maharage ya mawese katikati, marume akiwa amenawa. Baba akamwambia mama alete kichupa. Mama akakileta akidhani anataka kupaka tena. Baba akakiinua kwenye mwanga wa kandili, akakiinamisha huku na huku.

"Imepungua," akasema.

"Imepungua kwa sababu unaipakaza gari," mama akasema. "Mimi kucha zangu hizi hapa."

"Mimi nimepaka mstari mmoja. Hapa imetoka mistari mingi."

Mama alitazama kucha zake. Niliona anaelewa kidogo kidogo. "Baba watoto," akasema, "unasema mimi nampa ndugu yangu rangi ili akuibie?"

"Sijasema mtu. Nasema rangi imepungua."

Marume hakuwa ameonja kitu. Alimtazama dada yake, akatazama kile kichupa, kisha akainuka na kunawa tena mikono iliyokuwa bado misafi. "Dada, kuleni," alisema. Asubuhi tulikuta ufunguo wa gari juu ya meza, umefungwa kwenye kitambaa alichokuwa anafutia kioo, na chumba cha uani kimefagiliwa. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama hakulia. Alikichukua kile kichupa akakitupa chooni, na tangu siku hiyo alimpikia baba, alimfulia, alimwandalia maji ya kuoga, ila hakumwambia neno ambalo halikuwa la lazima.

Baba akashika usukani mwenyewe. Meza ya sokoni ikafungwa siku za safari, na mimi nikakaa katikati kama kawaida, ila hakuna aliyeimba. Usiku ufunguo aliulaza chini ya mto wake. Gari likawa halijaguswa na mkono mwingine wowote, na baba alikuwa na hakika kwamba mambo yamekwisha. Jumapili tukatoka kanisani, akavaa kaptula, akaingia chini. Nilisikia bolti inazunguka.  Kisha nikamsikia anasema, taratibu sana, "Haiwezekani."

Sasa hapa inabidi nikueleze kitu kimoja, na si kigumu. Pikapu ile ilikuwa na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne kwenye tope na mchanga. Kazi hiyo hufanywa na boksi jingine dogo lililofungwa nyuma ya giaboksi, mafundi huliita transfa. Lina oili yake na bolti zake. Kati ya maboksi hayo mawili kuna mpira mdogo wa mviringo, sili, unaozuia oili ya hapa isiende kule. Baba aliitazama giaboksi kila wiki, lakini transfa aliifungua mwanzo wa masika tu, kwa kuwa kiangazi haikuwa na kazi nyingi. Katika dunia nzima, kitu pekee ambacho baba hakuwahi kukishuku kilikuwa transfa.

Siku hiyo, kwa hasira au kwa kukata tamaa, alianza kufungua kila bolti iliyokuwa karibu na mkono wake. Alipolegeza ile ya transfa haikumsubiri. Oili iliruka, ikamwagika mkononi mwake, kwapani, shingoni, ikatiririka kwenye vumbi, na ile harufu ikajaa ua mzima. Nikakimbilia beseni. Ilitoka, ikatoka. Oili yote aliyokuwa akiijaza Jumapili hadi Jumapili ilikuwa mle ndani. Sili ilikuwa imekwisha, na oili ilikuwa ikihama polepole kutoka boksi moja kwenda jingine huku gari likitembea. Haikuwahi kutoka garini.

Nilitegemea atoke. Hakutoka. Nilichungulia nikamwona amelala chali, macho wazi, oili ikimkaukia shavuni. Mama alikuja kusimama mlangoni, akaliona beseni, akaona miguu ya baba imetokeza, akaelewa bila kuuliza. Akarudi ndani kuchambua mchele.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Katumba. Bibi alikuwa anaanika maharage. Alitupokea kwa "Amahoro", akatukalisha, akatupa maji ya kunywa, akampa baba heshima zote za mkwe, na baba alizidi kuinama. "Alikuja, alilala hapa," bibi alisema. "Nyie hamkusikia? Watu wanarudi kwetu. Wanasema kumetulia. Naye amekwenda Ikola kungoja boti." Baba aliweka kikombe chini kabla ya kumaliza maji. Njia nzima alibadili gia kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona, na ziliponguruma na kulia hakufumba macho. Kabungu hatukusimama.

Tulimkuta ufukweni, kati ya mitumbwi na vitanda vya kuanikia dagaa, amekalia begi lake pamoja na watu wenye magodoro na kuku. Aliponiona alitabasamu. Baba alishuka, akasimama mbele yake. Kuomba radhi hakukujua. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumfundisha. Alichokijua ni kuonyesha. Akamshika marume mkono, akamwambia, "Njoo uone," na wote wawili wakalala mchangani chini ya pikapu, mimi nikiwa nimechuchumaa kwenye gurudumu. Baba akaeleza sili, akaeleza transfa, akielekeza kwa kidole. "Oili haikutoka garini," alisema. "Haikutoka, mulamu."

"Nilikuwa naona majimaji pale juu ya transfa," marume alisema. "Kila alfajiri nilipangusa na kitambaa, yakarudi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Oili imepotea, mimi ndiye dereva, halafu nije niseme nimeiona?" Akageuza uso kumtazama. "Ungeniuliza tu, mulamu. Ulinipima, ulinitegea, hukuniuliza hata siku moja."

Walitoka wakakung'uta mchanga. Baba akasema, "Twende nyumbani. Dada yako hasemi na mimi." Marume akacheka, kicheko chake kilekile, kisha akatazama maji. Alisema aliondoka kule mgongoni mwa mama yake, hakijui hata kilima kimoja cha kwao. Angekwenda kupaona, kisha angerudi. "Nitarudi," alisema, "usiwape gari watu." Abiria wa boti walipoitwa alininyanyua, akaniweka kwenye kiti changu cha katikati, akafunga mlango. Baba alisimama majini mpaka suruali ikamlowa magotini.

Mvua hazijakolea, redio ikaanza kutangaza mauaji na kutaja majina ya vijiji vya kule alikokwenda. Boti zikawa zinakuja zimejaa na kurudi tupu. Bibi alipata habari za huyu na yule. Za marume hazikuja.

Siku hizi ukienda Mpanda utakuta lami, na magari mengi yanajibadilishia gia yenyewe. Wapwa zangu hawajui nyutro ni nini, wala kwa nini mtu asikilize injini. Ua wetu umejengwa fremu za maduka. Pikapu iliuzwa siku nyingi, giaboksi yake ikiwa nzima, na aliyeinunua alimsifu baba kwamba hajaona gari la umri ule linaloingia gia kwa ulaini vile. Baba alishukuru, akaingia ndani. Mama na bibi tuliwazika, baba naye tukamzika. Marume hakurudi, na hakuna aliyewahi kutuambia kwa hakika alipoishia.

Lakini nakumbuka miaka ile baada ya boti. Kila safari ya Ikola au Karema baba aliwauliza wote walioshuka majini: mmemwona kijana mrefu, dereva, anayeimba? Na watu walikuwa wamechoka, wana njaa, wanataka lifti ya kufika mjini. Mmoja alisema amemwona sokoni akiendesha lori. Mwingine alisema yuko kambini Kigoma. Mwingine alisema ameoa, ana mtoto, anawasalimu sana. Baba aliwaketisha mbele, akawaleta nyumbani, akamwambia mama awapikie. Wakishaondoka mama alisimama na sufuria mkononi, akamtazama.

"Na wewe umemwamini?"

"Kwa nini anidanganye?" baba alimjibu, akiwa hajavua hata viatu.